Kabla hujamlipia mwanao pikipiki ya magurudumu manne

LIKIZO ya Desemba inapobisha hodi, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret hufunga virago na kuelekea Pwani. Wale ambao mifuko yao haiwaruhusu kwenda mbali huenda Naivasha asubuhi na kurudi jioni. Huko, pamoja na kuogelea na kupanda ngamia, kuna starehe nyingine inayowavutia watoto mno: pikipiki za magurudumu manne, ambazo vijana wa mjini huziita kwadi.

Zimepangwa foleni, nyekundu na buluu, matairi yake manene kama maputo. Kijana anayezikodisha anakuambia, "Hata watoto huendesha, mama. Ni rahisi kuliko baiskeli." Mwanao wa miaka tisa amekushika mkono na anakutazama usoni. Umetoka mbali, umetumia pesa nyingi, na hutaki kuwa mzazi wa kukataza kila kitu.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya dakika hiyo. Ni afadhali uyasome sasa, ukiwa umetulia nyumbani na kikombe cha chai, kuliko kuanza kufikiri hayo yote ukiwa umesimama juani huku mtoto akikuvuta shati.

Jambo la kwanza ni kwamba kijana yule hasemi kweli, ingawa huenda hajui kuwa anasema uongo. Chombo hicho si rahisi kuliko baiskeli. Magurudumu manne humfanya mtu adhani kuwa hakiwezi kuanguka. Ukweli ni kwamba hupinduka, na kikipinduka, aghalabu humwangukia aliyekuwa juu yake.

Kilianza na magurudumu matatu

Vyombo vya aina hii si vya jana. Kampuni ya Honda ya Japani ilitoa chombo cha magurudumu matatu mwaka wa 1970, kikiwa kama mchezo wa kuendeshwa mchangani na thelujini. Kilipendwa sana Marekani. Miaka ya 1980 ilipofika, hospitali za huko zilikuwa zikipokea majeruhi wengi kiasi kwamba serikali ilizishtaki kampuni zilizovitengeneza. Mwaka wa 1988 kampuni hizo zilikubali mahakamani kuacha kuuza vile vya magurudumu matatu, na pia kutowauzia watu vyombo vikubwa kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 16. Makubaliano hayo yalikuwa ya miaka 10. Baadaye, mwaka wa 2008, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyopiga marufuku kabisa uuzaji wa vyombo vipya vya magurudumu matatu.

Watu wengi walidhani kwamba kuongeza gurudumu la nne kungemaliza maneno. Halikuyamaliza. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa imekuwa ikihesabu vifo hivyo tangu mwaka wa 1982, na kufikia sasa watoto zaidi ya 3,000 walio chini ya miaka 16 wamepoteza maisha. Zaidi ya mmoja kati ya kila watatu miongoni mwao hakuwa ametimiza hata miaka 12. Mwaka wa 2007 peke yake, watoto wapatao 40,000 walipelekwa katika vyumba vya dharura kwa sababu ya vyombo hivi. Idadi hiyo ilipungua hadi kama 27,000 mwaka wa 2015, ambayo bado ni kubwa kupita kiasi.

Utasema, hizo ni habari za Marekani, ambako kila shamba lina kwadi mbili. Ni kweli, na hapa kwetu hatuna vyombo vingi hivyo. Lakini uzito wa chuma ni ule ule Diani na Texas, na fuvu la mtoto wa Kenya halina unene zaidi ya la mwenzake. Tofauti iliyopo haiko upande wetu: mtoto wa huko mara nyingi anakijua chombo kwa sababu kiko nyumbani kwao, ilhali wako anakipanda kwa mara ya kwanza maishani, baada ya maelezo ya dakika tano, mahali asipopajua.

Kwa nini hupinduka?

Tuanze na uzito. Chombo cha mtu mzima huwa na kilo 250 hadi zaidi ya 300. Mtoto wa miaka tisa ana kilo 28 hivi. Ni kama kumfunga mbuzi mdogo juu ya ng'ombe dume na kumwambia amwongoze. Vingine vya aina hii vinaweza kukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Pili, chombo hiki kimeinuka kutoka chini ili kipite juu ya mawe na mashimo, na upana wake ni mdogo. Chochote kirefu chenye kitako chembamba hulala haraka kinapoinamishwa. Tazama jinsi matatu iliyopakia mizigo kwenye paa inavyoyumba kwenye kona.

La tatu ndilo ambalo watu wengi hawalijui. Gari la kawaida lina difu, ambayo huruhusu gurudumu la nje kwenye kona lizunguke haraka kuliko la ndani. Kwadi nyingi hazina difu upande wa nyuma. Magurudumu mawili ya nyuma yameshikana kwenye ekseli moja na huzunguka sawasawa. Kwa hivyo, ili chombo kikate kona vizuri, dereva ni lazima asogeze mwili wake wote kwenye kiti, aegemee ndani ya kona, na apunguze uzito ulio juu ya gurudumu moja ili liteleze kidogo. Asipofanya hivyo, chombo hukataa kukata kona na kuendelea kunyooka, au hushika ghafla na kumrusha nje. Akipanda mlima inambidi alalie mbele. Akishuka, arudi nyuma.

Sasa mfikirie mwanao. Miguu yake haifiki vizuri mahali pa kukanyagia. Mikono yake imenyooka kabisa ili kuufikia usukani, kwa hivyo hawezi kuegemea upande wowote bila kuachilia upande mwingine. Hata akiegemea, kilo 28 haziwezi kubadilisha chochote kwenye chombo cha kilo 300. Mtu mzima anakiendesha chombo kwa mwili wake. Mtoto amekaa tu juu yake kama mzigo.

Kuna pia mafuta. Kwadi haivutwi mafuta kwa kuzungusha mkono kama pikipiki ya bodaboda. Ina wenzo mdogo unaosukumwa kwa kidole gumba. Mtu yeyote akishtuka hukaza ngumi. Mtoto akikutana na shimo, anashtuka, anakaza mikono asianguke, na kidole kinasukuma mafuta. Chombo kinaruka mbele wakati ule ule alipotaka kisimame.

Matairi yake yana upepo kidogo sana, na yametengenezwa kwa ajili ya udongo na mchanga. Kwenye lami hushika visivyotarajiwa. Kwa hivyo usidanganyike kuwa kipande cha barabara nzuri kati ya hoteli na njia ya vumbi ndicho sehemu salama ya safari. Huenda ndicho kibaya zaidi.

Nitaongeza jambo moja ambalo halihusu mitambo. Akili ya mtoto ya kukadiria mwendo, umbali na hatari bado inajengeka, na huendelea kujengeka hata baada ya kubaleghe. Mwambie kijana wa miaka 12 aende polepole, naye atakuitikia kwa moyo safi. Rafiki yake akimpita kwa kasi, ahadi hiyo itakuwa imekwisha.

"Basi nitambeba mimi mwenyewe"

Wazazi wengi hufikia uamuzi huu, nao hujiona wamepata njia ya katikati. Baba anaketi, mtoto anawekwa mbele, kati ya mapaja yake, na mama anapiga picha.

Kati ya makosa yote, hili ndilo linalopaswa kuelezwa kwa urefu, maana linafanywa na watu wenye nia njema kabisa. Mtoto aliyekaa mbele yuko kati ya kifua cha mtu mzima na chuma cha usukani. Chombo kikisimama ghafla, baba mwenye kilo 80 anamsukuma mtoto kwenye usukani. Tumbo la mtoto halina misuli migumu ya kulikinga, na mbavu zake ni laini, zinapinda badala ya kuvunjika, kwa hivyo pigo lote huingia ndani: kwenye ini, wengu, kongosho na figo. Pia mikono ya mtoto iko karibu na ule wenzo wa mafuta. Watoto hushika kila kitu.

Akikaa nyuma si afadhali sana. Kile kiti kirefu unachokiona hakikuwekwa kwa ajili ya abiria, bali kimeachwa kirefu ili dereva apate nafasi ya kusogea mbele na nyuma, kama tulivyoeleza. Abiria akikaa pale, dereva hawezi kusogea tena, na uzito umehamia nyuma, hivyo chombo kikipanda kilima kidogo kinaweza kuinua pua na kuwaangukia wote wawili kwa nyuma.

Usichukue neno langu. Ukifika pale, inama utazame kibandiko kilicho juu ya bawa la gurudumu au karibu na tangi la mafuta. Kwenye chombo cha mtu mmoja kilichotoka kiwandani, watengenezaji wenyewe wameandika kwa Kiingereza kwamba usipakie abiria kamwe, na kwamba asiyetimiza miaka 16 asiendeshe chombo kikubwa. Mara nyingine kibandiko hicho kimefutika kwa jua au kimepakwa rangi. Muulize mwenye chombo kiko wapi.

Inastaajabisha kwamba sisi ambao tunawalaumu watu wa bodaboda kila siku kwa kubeba watoto watatu wa shule kwa mpigo, ingawa Sheria ya Trafiki inawaruhusu abiria mmoja tu na inataka avae helmeti, tukifika likizoni tunafanya yale yale na kuyalipia kwa furaha. Ufukweni hakuna polisi wa trafiki, na hapo ndipo tunapojisahau.

Madaktari wanasema nini?

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeshikilia msimamo mmoja kwa miaka mingi: asiyetimiza miaka 16 asiendeshe kabisa, na asibebwe. Hawatofautishi chombo kikubwa na kidogo. Watengenezaji kwa upande wao huuza vyombo vya watoto kuanzia umri wa miaka 6, vyenye injini ndogo na kifaa cha kupunguza mwendo. Vile vya miaka 6 havipaswi kupita maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24 hivi.

Mimi niko upande wa madaktari. Ni kweli kwamba chombo kidogo ni afadhali kuliko kikubwa, na kwamba wengi mno wa watoto wanaoumia huwa kwenye vyombo vya watu wazima. Lakini hata chombo kidogo kina uzito mara kadhaa kuliko mtoto mwenyewe, na kilomita 24 kwa saa ni kasi ambayo mtu mzima hawezi kuikimbia kwa miguu ili amwokoe mwanawe.

Sheria husaidia. Katika jimbo la Massachusetts, mtoto wa miaka 8 alifariki mwaka wa 2006 baada ya chombo hiki kumwangukia alipokuwa amekwenda kucheza kwa marafiki. Wazazi wake hawakunyamaza. Mwaka wa 2010 jimbo lilipitisha sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, inayowakataza walio chini ya miaka 14 kuendesha. Watafiti walipochunguza rekodi za hospitali, waligundua kwamba majeruhi wa miaka 10 hadi 13 waliofika kwenye vyumba vya dharura walipungua kwa nusu, na wale walio chini ya miaka 10 kwa thuluthi moja.

Australia nayo, ambako wakulima wengi wamekufa mashambani kwa vyombo hivi, ilitoa kanuni mwaka wa 2019. Tangu Oktoba 2021, kwadi mpya za kazi zinazouzwa huko ni lazima ziwe na chuma cha nyuma kinachosaidia kumkinga dereva asipondwe chombo kinapopinduka. Ukiona chuma kama hicho hapa, ni dalili njema, ingawa hakimgeuzi mtoto kuwa dereva.

Usifikiri pia kwamba haya ni ya watoto peke yao. Mwigizaji Rik Mayall wa Uingereza alipata ajali ya kwadi shambani kwake mwaka wa 1998 na kukaa siku kadhaa bila fahamu. Mwanamuziki Ozzy Osbourne alianguka na yake Desemba 2003 akavunjika mtulinga, mbavu nane na pingili ya shingo. Hao walikuwa watu wazima, kwenye ardhi yao wenyewe.

Ukiamua kuruhusu hata hivyo

Najua baadhi yenu mtaruhusu. Kijana ana miaka 16 au 17, ni mrefu kuliko babake, na ameahidi. Basi yatazame haya kabla ya kutoa pesa.

Helmeti ndiyo ya kwanza. Kwa waendesha pikipiki, uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini helmeti hiyo iwe ya kweli, inayofunika hadi kidevuni, yenye alama ya KEBS au ya ECE, na iwe kipimo chake. Mfungie mkanda, kisha mwambie atikise kichwa. Helmeti ikizunguka peke yake, ni kubwa mno. Kampuni nyingi za kukodisha huwa na helmeti za kipimo kimoja, cha mwanamume mzima, na mtoto anaonekana kama uyoga. Ile ya baiskeli haitoshi. Kile kikofia chepesi cha mjengo, ambacho nimekiona kikitumiwa, ni mzaha.

Viatu vifunike vifundo vya miguu. Kandambili za baharini ziachwe. Suruali ndefu ni muhimu hata kama kuna joto, kwa sababu bomba la moshi liko karibu na mguu nalo huunguza ngozi mara moja. Leso, kanga na nywele ndefu zilizoachwa wazi zifungwe.

Uliza njia inapita wapi. Kule Pwani, ziara hizi aghalabu huingia ndani, kwenye barabara za vumbi zinazokatiza vijijini. Kuna watoto wa watu pale, wanaokimbilia vyombo wakiomba peremende. Mwanao akimgonga mmoja wao, hilo nalo ni jeraha la mtoto, na linapaswa kukuuma vile vile. Kwenye ufuo wenyewe kuna kamba za ngalawa na nanga zilizofichwa na mchanga, na maji yakitoka, miamba ya matumbawe hujitokeza yenye makali kama msumeno.

Mwangalie kiongozi wa msafara. Je, anawafundisha watu kwanza kwenye uwanja wazi, au anawapa funguo na kusema "twende"? Je, ana redio au simu na sanduku la huduma ya kwanza? Je, anamkubali mteja anayenuka pombe? Kama ana chombo cha watu wawili ambacho kimetengenezwa hivyo kiwandani, si sawa na kile cha mtu mmoja, lakini bado mtoto mdogo hana la kumshikilia akayumba nacho salama.

Utapewa karatasi utie sahihi. Isome. Sehemu kubwa yake inasema kwamba lolote litakalotokea, kampuni isilaumiwe. Si karatasi iliyoandikwa ili kumlinda mwanao, na ukiiona ni ndefu kuliko mafunzo waliyokupa, rudisha kalamu.

Ajali ikitokea

Ondoa hatari kwanza. Zima injini ya chombo, wasimamishe wengine wanaokuja nyuma. Ikiwa chombo kimemlalia mtoto kifuani, kinyanyueni mara moja, watu wengi kwa pamoja, kwa kukiinua juu na si kukiburuta, kwa sababu asipoweza kupanua kifua hawezi kuvuta pumzi.

Usimnyanyue mtoto kwa kumshika makwapani na kumkalisha. Hili ndilo kosa linalofanywa na wapita njia wenye huruma: wanamkalisha, wanampa maji, wanampiga makofi mashavuni ili "aamke". Kama pingili ya shingo imevunjika, kichwa kikipinda kidogo tu kinaweza kukata uti wa mgongo, na mtoto aliyekuwa na nafasi ya kutembea asitembee tena. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, kishike kwa mikono miwili kikae sawa na mwili, na umzungumzie. Helmeti usiivue, ila tu kama hapumui au anatapika na huwezi kufikia mdomo wake. Akitapika, mgeuzeni ubavu kama gogo, watu watatu kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sawia.

Damu inayotiririka izuie kwa kukandamiza kitambaa safi bila kuachilia. Mguu au mkono uliopinda usiunyooshe. Uegemeze kwa ubao au shuka lililokunjwa. Usimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Sehemu iliyounguzwa na bomba la moshi imwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na wala usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Fikiria pia safari yenyewe. Ukiwa Diani, hospitali kubwa ya upande wa kusini iko Msambweni, na ile kuu ya Pwani iko kisiwani Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni au kwa kuzunguka barabara ya Dongo Kundu. Mtoto anayevuja damu kichwani anahitaji mahali penye mashine ya skani na daktari wa upasuaji wa ubongo, na mahali kama hapo si pengi nchini. Uliza hotelini siku unapofika, si siku ya ajali, kwamba ambulensi ya karibu hutoka wapi.

Anayeonekana mzima

Sasa nakuomba usome sehemu hii pole pole, kwa sababu watoto wengi wanaocheleweshwa ni wale walioinuka, wakajipangusa mchanga na kusema hawajaumia.

Mtoto wa kilo 28 ana damu kidogo tu zaidi ya lita mbili mwilini. Mwili wa mtoto hujitahidi sana kuificha hasara hiyo: mishipa hubana, moyo huenda mbio, naye huonekana yuko sawa. Kisha huanguka ghafla. Kwa hivyo, kama aligonga tumbo kwenye usukani, hata kama kuna alama ndogo tu ya duara kwenye ngozi, apelekwe kwa daktari siku ile ile. Maumivu ya tumbo yanayozidi, tumbo lililokakamaa, maumivu kwenye ncha ya bega la kushoto bila jeraha lolote begani, kutapika, mkojo wenye damu, ngozi ya baridi yenye jasho: hizo ni dalili za kuvuja damu ndani kwa ndani. Bega huuma kwa sababu damu iliyotoka kwenye wengu huugusa msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Jeraha la kongosho laweza kujificha kwa siku moja au mbili.

Kwa kichwa, mwangalie kwa siku mbili kamili. Mrudishe hospitalini haraka ukiona anatapika tena na tena, kichwa kinamuuma zaidi na zaidi, analala wakati usio wake na ni vigumu kumwamsha, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko nyingine, ametokwa na maji maji masikioni au puani, amepata kifafa, au anazungumza ovyo. Kumwacha alale usiku si kosa, mradi daktari ameruhusu na unamwamsha unavyoelekezwa. Kwa maumivu mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe.

Mikono na miguu nayo isidharauliwe. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, ambako ndiko kunakokua urefu. Sehemu hizo zikivunjika na zisipotibiwa vizuri, mkono au mguu waweza kukua mfupi au kupinda. Kifundo cha mkono kilichovimba na kuuma kinahitaji picha ya eksrei, hata kama bibi fulani wa mtaani ana sifa ya kukanda vizuri.

Aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mpira wala baiskeli hadi daktari aseme. Mjulishe mwalimu wake muhula unapofunguliwa, kwa sababu kwa majuma kadhaa huenda akasahau upesi, akakereka na kelele, na kuumwa na kichwa akisoma, na anayeadhibiwa kwa hayo ataumia mara ya pili. Na kama alikuwa amevaa helmeti yake mwenyewe, usimpe ndugu yake mdogo airithi. Povu la ndani hupondeka mara moja tu, hata kama nje haionyeshi ufa.